Mbao ya moja au ya mbili? Kisa cha shingo ya gitaa la umeme

Mteja ni mpiga solo wa bendi inayozunguka kumbi za Dar es Salaam. Ijumaa yuko hotelini chini ya kiyoyozi, Jumamosi yuko harusini Mbagala chini ya turubai, na gitaa ni lile lile. Gitaa lenyewe ni la kiwandani, shingo ya mbao ya mepo iliyofungwa kwa skrubu nne, na shingo hiyo imejinyonga. Ukiichungulia kuanzia kichwani, kama unavyochungulia mbao kabla hujailipia, upande wa uzi mnene umezama na upande wa uzi mwembamba umepanda. Chuma cha ndani, trasi rodi, hakina dawa ya ugonjwa huo. Chenyewe kinanyoosha shingo iliyopinda mbele au nyuma, iliyojinyonga hakiiwezi.

Mwili wa gitaa ni mzima na pikapu zake, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, anazipenda. Kwa hiyo ombi lilikuwa shingo mpya juu ya mwili wa zamani: "Fundi, nitengenezee kwa mbao za hapahapa, ila unene usiuguse. Mkono umeshazoea."

Nikapima kwa kalipa, kuanzia kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Freti ya 1, pamoja na ubao wa freti, ni mm 19. Freti ya 12 ni mm 21. Kisigino, yaani ile sehemu bapa inayoingia kwenye mfuko wa mwili, kina unene wa mm 25.4 na upana wa mm 56, na mfuko una kina cha mm 16. Kutoka nati, kile kipande kinachopitisha nyuzi kati ya kichwa na shingo, hadi daraja linaloshika nyuzi mwilini ni mm 648. Ni vipimo vya Fender, kiwanda cha magitaa cha Marekani, vya tangu miaka ya 1950, ambavyo viwanda vingi duniani vimevifuata.

Kati ya namba hizo, moja haina mjadala, nayo ni ya kisigino. Ukitoa kina cha mfuko, ubao wa freti unabaki umeinuka mm 9.4 juu ya mwili, na daraja limepangwa kwa urefu huo. Kisigino kikipungua milimita moja, vibeba nyuzi vya daraja vinashushwa hadi vinagota, na skrubu zake zinatokeza juu na kumchoma mpigaji kiganja. Kikizidi, vinainuliwa mpaka skrubu zinaisha. Unene wa freti ya 1 na ya 12, ambao ndio mteja aliushikilia, ndio ulikuwa na nafasi ya kujadiliwa. Kwa mteja ilikuwa kinyume kabisa, na sikumlaumu: kisigino mkono haukigusi.

Mbao niliyoifikiria kwanza ni mninga. Sababu yake ni utulivu. Mepo ngumu ya Amerika Kaskazini, kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, husinyaa karibu asilimia 10 kwa kufuata mzunguko wa pete zake. Mninga ni karibu asilimia 3 tu. Kwa mtu anayetoka kwenye kiyoyozi cha hoteli kwenda kwenye fukuto la masika, hiyo si tofauti ya kudharau. Tena mninga unakubali randa na unang'aa kwa msasa bila kubembelezwa.

Tatizo lake ni ukakamavu. Wanaopima mbao huutaja kwa gigapaskali: mepo ngumu iko karibu 12.6, mninga karibu 8.4. Maana yake, vipande viwili vya umbo moja vikibebeshwa mzigo mmoja, wa mninga utapinda mara moja na nusu ya ule wa mepo. Na mzigo upo: seti ya nyuzi za unene wa 10 hadi 46, kwa sehemu za elfu moja za inchi, ikifungwa kwa sauti ya kawaida kwenye urefu wa mm 648 inavuta kwa jumla karibu kilo 47, usiku na mchana, gitaa likipigwa au likining'inia ukutani.

Kinachookoa, au kinachoponza, ni kwamba ukakamavu haupandi sawa na unene. Unapanda kwa kipeo cha tatu. Ukitoka mm 19 hadi 21, umeongeza unene kwa kama sehemu moja ya kumi, lakini ukakamavu umeongezeka kwa asilimia 35. Ukishuka kutoka 20 hadi 17, umepoteza karibu asilimia 39. Ndiyo maana fundi anayesema "milimita moja tu, haina neno" huwa namtilia shaka. Kwa meza ya chakula haina neno. Kwa shingo ya gitaa, milimita moja ndiyo mjadala mzima.

Basi hesabu ya mwanzo ikasema hivi: ili mninga mtupu ufikie ukakamavu wa mepo ya mm 19, unahitaji karibu mm 22 kwenye freti ya 1, na karibu 24 kwenye freti ya 12. Mteja angeirudisha siku hiyohiyo.

Msaji ungeweza kumaliza ubishi mapema, maana ukakamavu wake ni kama 12.3, jirani kabisa na mepo, na kusinyaa kwake ni kwa wastani. Lakini msaji mwingi unaopatikana sokoni ni wa miti ya kupandwa iliyovunwa bado michanga. Ubao mmoja una weupe wa pembeni, kiini na fundo. Una mafuta yanayosumbua gundi na mchanga wa asili unaokula makali ya randa. Ukinipa msaji mkongwe, ulionyooka, nitaufanyia shingo bila kusita. Sikuupata.

Hapo ndipo ubao wa freti ulipoingia kwenye hesabu. Wengi wanauchukulia kama pambo au suala la sauti. Ukiangalia shingo kama boriti, ubao wa freti uko juu kabisa, mahali ambapo mbao inafanya kazi kubwa kuliko mahali pengine popote isipokuwa mgongoni. Ukiweka pale mbao kakamavu, shingo nzima inabadilika. Na mbao kakamavu sisi tunayo: mpingo, ambao uko karibu gigapaskali 18, zaidi ya mara mbili ya mninga.

Nikapiga hesabu ya shingo ya mm 21, mninga 14.6 chini na mpingo 6.4 juu, zikiwa zimegundishwa. Jibu lilikuwa kama asilimia 94 ya mepo tupu ya unene huohuo. Mninga juu ya mninga ungetoa 67 tu. Ni hesabu ya kiasi, maana shingo si mstatili na mifereji ya freti inakata ubao kwa juu, ila inatosha kuonyesha njia. Ile theluthi iliyopotea kwa kuchagua mninga, karibu yote imerudishwa na ubao mwembamba kuliko kidole.

Mpingo nao una kodi yake. Ni mzito, karibu kilo 1,270 kwa mita ya ujazo, unazama majini. Mti wenyewe ni mfupi, umepindapinda, na kupata kipande cha mm 500 kwa 60 kisicho na ufa wala weupe ni kazi. Wachongaji wa Mwenge wanaweza kuuzungusha ufa ndani ya kinyago. Mimi siwezi kuuzungusha ndani ya ubao wa freti. Unakauka polepole mno, kwa hiyo nilitafuta wa zamani, uliokwisha kukaa, wenye karatasi za maliasili. Kama mteja atapata mkataba wa hoteli Muscat au Dubai, ambako wanamuziki wetu huenda kupiga, hana haja ya kuogopa forodha: mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na ndugu zake wote tangu Januari 2017, lakini ala za muziki zilizokamilika zilitolewa kwenye masharti hayo Novemba 2019.

Nikarudi kwa mteja na pendekezo: mm 20 freti ya 1 na mm 22 freti ya 12. Yaani milimita moja juu ya shingo yake ya zamani kila mahali. Ukichanganya kipeo cha tatu na ile asilimia 94, shingo hii inakuwa kakamavu kuliko ya zamani kwa karibu asilimia 10. Akakataa. "Bwana fundi, milimita moja naisikia."

Anaisikia, ndiyo, ila si lazima aisikie mahali anapodhani. Nikachukua vipande vya msonobari vilivyobaki, nikavichonga vifupi vya kushika mkononi: kimoja mm 19 chenye mabega yaliyojaa, kingine mm 20 chenye mabega yaliyoliwa, cha tatu mm 20 chenye mabega kama ya kwanza. Mabega ni zile kona mbili kati ya mgongo wa shingo na ukingo wa ubao wa freti. Nikampa avishike akiwa ameangalia pembeni. Cha mm 20 chenye mabega yaliyoliwa akakiita chembamba kuliko vyote. Nikampa kalipa apime mwenyewe.

Kiganja hakisomi kina cha katikati peke yake. Kinasoma mzunguko mzima, na kina cha katikati ndicho kinachobeba ukakamavu mwingi. Kula mabega kunapunguza ukakamavu pia, lakini kidogo kuliko kula mgongo. Tangu hapo unene wa mm 20 na 22 ukapita bila ubishi.

Sasa mbao ya kununua. Mbao zetu zinauzwa kwa inchi: moja kwa sita, mbili kwa sita, mbili kwa nne. Kwa hesabu ya karatasi, ya inchi moja inatosha kabisa. Kisigino ni mm 25.4, ukitoa mpingo 6.4 unabaki mm 19 za mninga, na hapo ndipo penye unene mkubwa kuliko pote. Kichwa cha gitaa cha aina hii ni bapa, hakiinami nyuma, kina mm 14, nacho kinatoka ndani ya zile 19 kwa kushushwa uso mm 5. Kwa kichwa kinachoinama mambo ni mengine: kichwa cha mm 180 kikiinama digrii 13 kinashuka mm 40, na hapo utahitaji gogo nene, ambalo nusu yake inakwenda kuwa takataka, au uunge kwa mkato wa mshazari. Mimi huunga. Kwenye kichwa kinachoinama kilichochongwa kwa kipande kimoja, nyuzinyuzi za mbao zinakatizwa fupi nyuma ya nati, na hapo ndipo magitaa ya Gibson yanapovunjikia yakianguka. Wenyewe waliwahi kuweka nundu nyuma ya nati katika miaka ya 1970, kisha wakaiondoa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Turudi kwenye ya moja. Mbao inayoitwa inchi moja, ikishakatwa kwa msumeno wa mviringo na kukauka, ni nadra kuikuta na mm 25. Mara nyingi ni 22 au 23, na mawimbi juu. Ukipiga randa pande zote mbili hadi inyooke, una 20 mkononi, au 19 na ushukuru Mungu. Hakuna akiba. Na shingo inahitaji akiba kuliko kazi nyingine yoyote ya seremala, kwa sababu kila unapoikata inajisogeza upya. Mbao iliyokaa imenyooka imenyooka kwa mvutano wa ndani uliosawazishwa. Ukichimba mfereji wa chuma katikati yake, umeuvuruga mvutano huo, nayo inatafuta mkao mwingine. Kama hukuiachia nyama ya kuranda tena, huna pa kwenda.

Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi kwangu. Mbao nyingi za sokoni zimepasuliwa kwa kulala, pete zake zimelala sambamba na uso mpana. Mbao ya namna hiyo ikivuta unyevu hujikunja na kujinyonga upesi. Ukinunua ya moja, pete zimelala na zitabaki zimelala. Ukinunua ya mbili, unaweza kuipasua vipande vya upana wa mm 30 na kukilaza kila kimoja kwa ubavu wake: kile kilichokuwa unene wa mbao kinakuwa upana wa shingo, na pete zinasimama wima. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Mbili kwa sita ya urefu wa sentimita 75 ikatoa vipande. Nikachagua viwili vilivyofuatana, kimoja nikakigeuza ili viangaliane, kikitaka kujinyonga kulia mwenzake anamvuta kushoto. Kila kimoja upana wa mm 45 baada ya randa, viwili ni 90. Kisigino cha mm 56 kinaingia bila shida. Kichwa chake cha mashine sita za kukazia nyuzi upande mmoja hakikuenea, nikakibandika sikio kwa mninga uleule, maana alitaka kutumia mashine zake za zamani.

Wapo wanaopenda vipande vitano. Ibanez wana shingo iitwayo Wizard, mm 17 kwenye freti ya 1 na 20 kwenye ya 12, na magitaa yao mengi yana shingo za vipande vitano vya mepo na wenge, mbao nyeusi ya misitu ya Kongo. Ukitaka wembamba wa namna hiyo, gundi na mbao mchanganyiko ndiyo njia. Kwa mm 20 vipande viwili vilitosha.

Chuma ndicho kilichofunga mjadala wa unene kwa upande wa chini. Trasi rodi za kugeukia pande zote mbili zinazopatikana kwa urahisi ni za aina mbili: za upana wa mm 6 na kina cha 9, na nyingine za kina cha mm 11. Chukua mm 20 za freti ya 1, toa 6.4 za mpingo, zinabaki 13.6 za mninga. Mfereji wa mm 9.5 unaacha mm 4.1 chini ya chuma. Ukitumia chuma chenye kina zaidi, cha mfereji wa 11.5, kwenye shingo ya mm 19, unaacha mm 1.1 tu, na siku mteja akikaza kwa nguvu chuma kitachungulia mgongoni. Kwenye mm 17 hakuna hata cha kuhesabu. Umeshatokea upande wa pili. Mimi sishuki chini ya mm 3. Kwa hiyo kabla hujamwahidi mtu wembamba, nunua chuma kwanza, kipime, kisha ndipo useme.

Kuna wanaouliza kama chuma kinaweza kuondolewa kabisa na badala yake shingo ikaachwa nene. Bwana Leo Fender, mwanzilishi wa kiwanda cha Fender, alijaribu. Magitaa yake ya Esquire za mwanzo za mwaka 1950 zilikuwa na shingo nono za mepo bila chuma, kwa imani kwamba mepo inajitosheleza. Mwaka huohuo chuma kikaongezwa. Gibson walikuwa nacho tangu mapema, hati ya uvumbuzi ya Thaddeus McHugh ikiwa ya mwaka 1923.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa kushuka ngazi. Vipande vilipopasuliwa nilivipanga na vijiti katikati, nikawa navipima kwa mizani ya jikoni mpaka uzito ukaacha kushuka. Randa ya kwanza hadi mm 26, gundi, kupumzika. Randa ya pili hadi 22. Kisha mfereji wa chuma kwa mashine ya rauta, na kupumzika tena. Ilipotoka kwenye mapumziko hayo, rula ya chuma juu ya uso wake ilionyesha mwanga katikati, pengo la karibu nusu milimita. Nikaliranda, na upande wa nyuma kidogo, nikafika mm 19 kamili, maana nyama ya kuranda ilikuwepo. Kwa mbao ya moja ningekuwa kwenye 18 na ushee, natafuta vinia, ubao mwembamba kama karatasi, ya kupachika chini ya kisigino.

Mpingo niliupangusa kwa asetoni kabla tu ya gundi, maana mafuta yake yanarudi juu ukiuacha. Ulipokauka, nikaupa mviringo wa nusu kipenyo cha inchi 12, ambao unakula ukingo mm 0.8 upande wa nati na karibu 1.3 upande wa kisigino. Hilo nalo ni la kukumbuka: ile 6.4 ni ya katikati. Pembeni ubao umebaki na 5 na kidogo.

Freti zilihitaji subira kuliko nilivyozoea. Mguu wa freti ni mnene kidogo kuliko mfereji wake ili ushike, na kila freti inakuwa kabari. Kabari 22 kwenye mbao laini zinamezwa. Kwenye mpingo hazimezwi, zinausukuma ubao urefuke na shingo inapinda kwenda nyuma. Shingo nyembamba inasukumwa kwa urahisi zaidi. Nikapanua mifereji kwa msumeno mwembamba hadi freti ikawa inaingia kwa nyundo ndogo bila kupiga kelele, na tone la gundi chini. Barakoa wakati wote. Vumbi la mpingo si rafiki wa kifua.

Nyuzi zikafungwa. Chuma kikiwa kimelegea kabisa, shingo ilijikunja mbele kwa mm 0.4 hivi kwenye freti ya 7, ukipima kwa kubana uzi mnene freti ya 1 na ya mwisho. Nusu mzunguko wa ufunguo ukaishusha hadi 0.25, na nyuzi zikapigika bila kukwaruza. Masika yalipopita nikaipima tena: ilikuwa 0.3. Haikuwa imejinyonga.

Alikuja baadaye na ombi jipya, kama nilivyotarajia. Anaipenda, lakini karibu na nati, anapobana kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za F kwa muda mrefu, anataka nusu milimita itoke. Nilimwonyesha kwenye karatasi zile mm 4.1 chini ya chuma na itakavyokuwa zikibaki 3.6. Bado iko juu ya mpaka wangu, ila ukakamavu wa pale ungepungua kwa asilimia 7 na mapambano ya kiyoyozi yangeanza upya. Nikakwangua mabega kwa kipande cha kioo kutoka nati hadi freti ya 3, mgongo sikuugusa, nikapaka mafuta na nta, akaondoka nayo jioni ileile kwenda kupiga.